Jinsi ya kuisoma mbuga yako kabla homa ya bonde la ufa haijafika zizini

Chukua kopo la bati la maziwa ya unga lile kubwa, kata kitako libaki wazi pande zote mbili, beba jembe, chupa kadhaa za maji za lita moja na nusu na simu yenye saa, alafu teremka mbugani mwezi wa nane au wa tisa, wakati kumekauka kabisa na ardhi imepasuka mpaka mguu wa mbuzi unazama. Vifaa ndo hivyo tu. Watu wengi wanadhani kujikinga na homa ya bonde la ufa kunaanza siku mbuzi wa kwanza anapotupa mimba, mimi nakwambia siku hiyo umeshachelewa zaidi ya mwezi, maana huu ugonjwa unalala kwenye udongo na kiangazi ndo wakati pekee unaweza kuukuta haujaamka.

Niseme kwanza, sisi wa Dodoma tukisema mbuga hatumaanishi ile ya watalii na simba. Mbuga ni lile bonde la udongo mweusi linalojaa maji masika na kukakamaa kama tofali kiangazi, pale ambapo majani yanabaki kijani hata wiki mbili baada ya kwingine kote kukauka, ndo maana kila mtu anapeleka mifugo huko.

Mdudu mwenyewe anavyofanya kazi

Kwa kifupi tu. Homa ya bonde la ufa ni kirusi, kiligunduliwa kwenye shamba la kondoo karibu na ziwa Naivasha Kenya, kondoo walianza kufa kwa wingi 1930 na maelezo yake ya kitaalamu yakatoka 1931. Kinasambazwa na mbu, hasa wale wa jamii ya Aedes kwanza na baadae Culex, alafu kinaingia kwa binadamu kwa kuumwa na mbu au kwa kugusa damu, kitoto kilichotupwa, kondo la nyuma, nyama mbichi ya mnyama mgonjwa. Wengi wanaopata wanaugua kama mafua makali na kupona. Wachache macho yanaharibika, wachache wanatoka damu na hao nusu yao wanaweza kufa, na wachache, chini ya mmoja kwa kila mia, kirusi kinaingia kwenye ubongo. Hao nitawarudia chini kwasababu ndo watu wanaopelekwa kwa mganga.

Sasa sikia hii ya mayai. Mbu wa Aedes hatagi juu ya maji kama yule wa malaria. Anataga kwenye udongo wenye unyevu, pembeni ya dimbwi linalokauka, chini ya majani, na yai lile linaweza kukaa kwenye udongo mkavu miaka likisubiri maji yalifunike. Na kuna mayai mengine tayari yana kirusi ndani yake, mama amemrithisha mwanae, watafiti walilithibitisha hilo Kenya miaka ya 80. Kwaio unaweza kupita juu ya mbuga miaka saba unachunga, hamna shida, mvua za kawaida zinakuja maji yanakaa siku tatu yanaondoka, alafu mwaka mmoja inakuja mvua ile ya El Niño, mbuga inajaa mpaka pembeni ambako haijawahi kufika muda mrefu, maji yanatuama wiki moja mbili, na yale mayai yanaanguliwa kwa mkupuo. Ndo maana Tanzania tulikua na mlipuko 1977, ukaja 1997/98, ukaja 2007, katikati miaka mingi ya ukimya, na kijana aliyeanza kufuga baada ya hapo hajawahi kuuona kwa macho yake.

Kusoma udongo

Anza juu ya mteremko ushuke, usianzie mbugani. Kuna mtaalamu wa udongo aliyekua pale Amani, Usambara, Geoffrey Milne, 1935 aliandika jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyojipanga kutoka kilima hadi bonde, akaupa jina la katena, yaani mnyororo: mwekundu juu, katikati wa kijivu au wa kichanga, chini mweusi wa mfinyanzi. Babu yangu hakusoma Milne ila alikua anajua, alikua anasema nyumba nyekundu, shamba kijivu, ng'ombe mweusi. Ukishuka hivyo utaona rangi inabadilika, na pale inapobadilika kuwa nyeusi weka alama, mti au jiwe lolote.

Pale kwenye alama chota udongo kiganjani, lowesha kidogo, ukande kama ugali, alafu usukume kati ya dole gumba na kidole cha shahada utoke kama utepe. Wa kichanga utakatika hapohapo. Ukitoka utepe mrefu kama kidole chako kizima bila kukatika na unang'aa, huo ni mfinyanzi mzito na maji hayapiti kirahisi. Chimba kidogo, kama kiwiko hivi. Ukikuta kijivu chenye madoa ya kutu ya rangi ya chungwa, hapo maji huwa yanakaa muda mrefu kila masika, kutu ile inatokana na udongo kukosa hewa na kupata hewa kwa zamu. Hii alama haidanganyi hata kama mwenye shamba anakwambia "hapa maji hayakaagi".

Alafu kopo. Lisukume ardhini mpaka sentimita 5 hivi zizame, weka kibao juu ugonge taratibu, mimina maji mpaka karibu ya mdomo, washa saa. Rudia mara ya pili palepale bila kulitoa, na mara ya tatu. Hii ya kurudia ni muhimu na nilijifunza kwa aibu. Mara ya kwanza nimefanya nilimwaga maji kwenye udongo mweusi uliopasuka, yakazama yote kabla sijahesabu dakika mbili, nikamwita mjomba nikamwambia mbona hii mbuga inakunywa maji vizuri kuliko shamba lako la juu. Akacheka. Akaniambia mwaga tena. Mara ya pili yakaenda polepole, na ya tatu yakasimama kabisa, yaani nimekaa pale najikuna jua linapiga kopo bado limejaa. Udongo wa mbuga ukiwa mkavu maji yanaingia kwenye nyufa, ukilowa unavimba unajifunga kama mlango. Kwaio mvua mbili za kwanza mbuga inakudanganya, ya tatu ndo inaanza kutuama.

Sasa zunguka pembeni ya bonde utafute ule mstari ambao maji hufika. Utaujua kwa takataka zilizoganda kwenye vichaka, kwa matope yaliyokauka kwenye mashina, na kwa ndago, maana ndago wanapenda penye unyevu. Ule ukanda wa pembeni, upana wa hatua kadhaa tu, ndo kitalu cha mayai. Ufuate mwanzo mwisho, na kila baada ya hatua mia chora kwenye daftari. Mchoro wako utakua mbaya, haijalishi, wangu unafanana na viazi.

Na kama unadhani hii ya udongo naitia chumvi, baada ya mlipuko wa 2006/07 watafiti waliweka ramani ya vijiji vilivyougua Kenya juu ya ramani ya udongo, na vijiji vile vikaangukia zaidi kwenye tambarare za chini zenye udongo usiopitisha maji. Kwetu nako kazi za namna hiyo zimeonyesha mambo yanayokaribiana.

Palipoharibika

Mbuga ya asili ina faida zake, nitasema mbele. Kinachoniumiza kichwa ni mbuga mpya tulizojitengenezea wenyewe bila kujua. Kwenye daftari lako hizi ziandike kwa wino mwekundu.

Mashimo ya moramu. Mkandarasi wa barabara anakuja na greda, anachimba kifusi, anaondoka, shimo linabaki, masika linajaa, kiangazi linakauka, yaani limekua dimbwi kamili la Aedes mita mia kutoka kwenye nyumba za watu. Karavati zilizoziba nazo hivyohivyo, upande wa juu wa barabara maji yanasimama kama lambo. Alafu njia za mifugo: ng'ombe mia tatu wakipita njia moja kila siku kwenda kwenye maji udongo unashindiliwa unakua kama sakafu, na kwenye hiyo sakafu hata udongo mwekundu ambao kwa kawaida hunywa maji unaanza kuyakataa. Fanya kopo lako hapo ulinganishe na hatua kumi pembeni chini ya kichaka, utashangaa. Nilipopima kwetu, chini ya mgunga kopo liliisha nikiwa bado nafunga chupa, kwenye njia ya ng'ombe nilikunywa soda nikamaliza.

Maji yakikataliwa juu yanaenda wapi? Yanashuka mbugani, mengi zaidi na haraka zaidi kuliko zamani. Mlima uliokatwa mkaa na malisho yaliyoliwa na mifugo mpaka ardhi iko uchi vinaongeza maji ya bonde, na bonde linapanuka, na ule ukanda wa pembeni unasogea kuelekea kwenye boma lako. Wa Kondoa wanaijua hii hadithi, makorongo yalikua yanameza njia mpaka serikali ikaanzisha HADO, mradi wa kuhifadhi ardhi Dodoma, 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililoharibika. Watu walilia sana kipindi kile, na ninawaelewa, ila vile vilima vilirudisha majani.

Nje ya hapa mambo ni yaleyale kwa sura nyingine. Misri walipata mlipuko mkubwa 1977, kirusi kilikua hakijawahi kuonekana kule, na mabadiliko ya maji baada ya bwawa la Aswan ni moja ya mambo yaliyotajwa. Bonde la mto Senegal lilipata 1987 mara baada ya bwawa la Diama kuanza kutumika. Siwaambii mabwawa ni mabaya, tunahitaji umwagiliaji, ila kijiji kikiletewa mradi wa skimu basi swali la mbu na chanjo ya mifugo liulizwe kwenye kikao cha kwanza na sio baada ya msiba.

Kurekebisha, na pa kuacha

Hapa watu wanakosea wakitaka kuchimba mtaro na kukausha mbuga yote. Usifanye hivyo. Kwanza huwezi, pili ndo malisho yako ya kiangazi, tatu ukichimba mtaro kwenye udongo mweusi bila mtaalamu unatengeneza korongo litakalokula bonde lote. Mbuga iache ilivyo, wewe shughulika na maji yanayoingia na wewe mwenyewe unapokaa.

Juu ya mteremko punguza maji yanayoteremka: makinga maji yanayofuata kontua, yaani mstari wa usawa unaokata mteremko, visiki vinavyochipua viachwe na vipunguziwe matawi badala ya kung'olewa (hii kisiki hai imeshashika sana Dodoma, ukipita utaona), na sehemu ya malisho ifungwe msimu mzima ipumzike kama Wasukuma wanavyofanya kwenye ngitili zao. Samadi irudi shambani, isirundikwe zizini miaka kumi, udongo wenye mboji unakunywa maji na utaona kwenye kopo ndani ya misimu miwili mitatu. Njia za mifugo badilisha, nyingine ipumzike. Mashimo ya moramu mfuate mwenyekiti wa kijiji yafukiwe au yatobolewe upande wa chini maji yatoke, na hili ukilifanya peke yako utachoka, lipeleke mkutano wa kijiji.

Zizi lihamishe juu kuliko ile alama yako ya udongo mweusi, mbali kadri unavyoweza kutembea na ndoo. Ndama na wanakondoo wasilale chini kabisa, wao ndo wanaokufa kwanza.

Chanjo, na kwanini kabla

Chanjo ya mifugo ipo, kuna ya kirusi hai kilichopunguzwa makali na kuna ya kirusi kilichouawa. Ile ya zamani hai inatoa kinga kwa sindano moja ila ukimdunga mbuzi au kondoo mwenye mimba anaweza kutupa au kuzaa kilema, na ile iliyouawa ni salama kwa wenye mimba ila inatakiwa kurudiwa. Kwaio muulize afisa mifugo: hii ni ipi, na wangu wenye mimba niwatenge? Usione aibu, ni pesa yako.

Chanja kiangazi. Mlipuko ukishaanza usiruhusu mtu aingie zizini kwako na sindano moja kwa mifugo hamsini, hata awe amevaa koti jeupe, maana mnyama mmoja anaweza kuwa na kirusi kwenye damu bila dalili na sindano ileile ikampelekea jirani yake. Shirika la Afya Duniani wanasema wazi kwamba mlipuko ukishaanza kuchanja mifugo kunaweza kuuzidisha.

Dawa za kumwagia mgongoni zinapunguza wadudu kidogo, moshi wa mavi ya ng'ombe jioni unasaidia kidogo, tumia ila usiwekeze matumaini. Dawa ya kuua viluwiluwi mbugani inawezekana ikiwa madimbwi yanahesabika, halmashauri ndo waulizwe, usimwage mafuta ya gari kwenye maji yanayonywewa na ng'ombe tafadhali.

Kuhesabu siku

Hii sehemu ndo naipenda. Mamlaka ya hali ya hewa wakisema vuli itakua juu ya wastani, na ukisikia bahari ya Hindi upande wetu na Pasifiki zote zina joto, fungua ukurasa mpya. Mwaka 2006 wanasayansi wa Marekani waliosoma setilaiti walitoa tahadhari kabla ya wagonjwa wa kwanza kujulikana, kwa kuangalia joto la bahari, mvua na ukijani wa majani, na ikatokea kweli: Garissa kule Kenya Desemba 2006, kwetu ikaanzia Ngorongoro mwanzoni mwa 2007 ikafika mikoa kumi, na Dodoma ndo tulipata wagonjwa wengi. Tanzania walirekodiwa wagonjwa 264 na 109 kati yao walikufa. Tahadhari ilikuwepo, haikufika zizini.

Wafugaji wa Kisomali kaskazini mashariki mwa Kenya walihojiwa baada ya ule mlipuko, wao huu ugonjwa wanauita sandik, yaani kutoka damu puani, na walikumbuka mfuatano vizuri sana. Kutoka mvua kubwa kuanza hadi mbu kuzuka kwa makundi ni wiki tatu na siku kadhaa. Kutoka mbu hadi mnyama wa kwanza kuugua ni wiki mbili na zaidi kidogo. Kutoka mnyama wa kwanza hadi mtu wa kwanza, tena wiki mbili na nusu hivi. Jumlisha, una kama miezi miwili kutoka siku mvua kubwa ilipoanza mpaka mtu wa kijijini kwako anaanguka, na unaweza kuiona inakuja kama basi.

Kwaio daftarini: tarehe ya mvua kubwa ya kwanza, tarehe maji yalipofika kwenye ule mstari wa ndago, siku ngapi yamekaa, siku ulipoanza kuona mbu wanaouma mchana au jioni mapema kwa wingi usio wa kawaida, wale wakubwa. Ukifika hapo hamisha ndama na wanakondoo juu, wajulishe majirani, na mpigie afisa mifugo hata kama hamna mnyama anaumwa. Atakushangaa. Mpigie tu.

Zizini kukianza

Dalili kubwa ni kutupa mimba kwa kundi. Mbuzi mmoja akitupa ni bahati mbaya, inaweza kuwa ugonjwa wa kutupa mimba ule wa kawaida au kapigwa pembe, ila wiki moja wakitupa nane kati ya kumi, wenye mimba changa na kubwa bila kuchagua, na wanakondoo wa siku chache wanakufa usiku mmoja, hapo simama. Kondoo wanaathirika kuliko mbuzi na ng'ombe, wakubwa wengine wanatoka kamasi zenye damu. Ngamia anaweza kutupa mimba tu bila dalili nyingine.

Usimvute mtoto kwa mikono mitupu. Najua ndivyo tulivyolelewa, mama mbuzi akihangaika unakunja shati unaingia. Vaa glavu, hazipo basi vifuko viwili vya nailoni vile vya mkate kila mkono, funika mdomo na macho, na mwenye kidonda mkononi au mwenye mimba asikaribie. Kilichotupwa na kondo lake vitie kwenye kiroba, chimba shimo refu ambalo fisi na mbwa hawatalifukua, mbali na kisima na mbali na ule ukanda wa mbugani, mwagia chokaa au maji ya jiki, fukia. Nawa kwa sabuni mpaka viwikoni. Usimpe mbwa.

Usichinje mgonjwa "kabla hajafa ili tusipate hasara". Hapo ndo wanaume wengi wanapoupata ugonjwa. Wala usimkimbize mnadani, utakua unauza ugonjwa kwa wilaya nyingine. Maziwa chemsha mpaka yafure, nyama ya mnyama mwenye afya iliyopita kwa mkaguzi ipikwe ikauke damu. Nakumbuka 2007 mabucha Dodoma yalifungwa, nyama choma ikawa kama bangi, na samaki wa Mtera wakapanda bei mpaka tukaanza kula maharage mfululizo, nilikua sekondari, sitasahau yale maharage.

Ikipanda kichwani

Jirani yetu mmoja alikua mchinjaji. Alipata homa, mgongo na viungo vinauma, zahanati moja wakampa dawa ya malaria bila kupima, akapata nafuu siku ya nne akarudi kazini. Wiki mbili baadae akaanza kulalamika kichwa, kichwa kweli, anashika ukuta. Alafu akawa anauliza kitu kilekile mara tano, akamuita mke wake kwa jina la dada yake, usiku anaona watu wamesimama mlangoni. Familia ikasema amerogwa na mchinjaji mwenzake waliyegombania meza, wakampeleka kwa mganga siku tatu. Degedege ndo lililowashtua wakampeleka wilayani. Damu yake ilichukuliwa na majibu yakaja kuwa ni homa ya bonde la ufa. Aliishi, ila mkono wa kulia unatetemeka hadi leo na kisu ameshakiacha, anauza mkaa.

Mpangilio wake ndo huo unaowachanganya watu. Homa inakuja siku 2 hadi 6 baada ya kuambukizwa, inaisha, unashukuru Mungu, alafu ubongo unavimba wiki 1 hadi 4 baada ya ile homa ya kwanza, na wengine hata zaidi ya miezi miwili. Kichwa kikali, kusahau, kuona visivyokuwepo, kizunguzungu, kuchanganyikiwa, degedege, kulala usingizi usioamshika. Macho nayo yanachukua wiki 1 hadi 3, mtu anaona ukungu au doa katikati ya kila kitu. Wengi wenye ugonjwa wa ubongo hawafi ila wanaweza kubaki na ulemavu wa kudumu.

Hamna dawa maalum ya kukiua kirusi na hamna chanjo ya watu inayouzwa hospitalini, wanachofanya ni kukushikilia: maji, kuzuia degedege, kulinda pumzi. Ndo maana kuwahi kuna maana. Na ukifika pale usiseme tu "kichwa kinauma", mwambie daktari hivi, kwa mpangilio: nilichinja au nilizalisha mnyama tarehe fulani, mifugo yangu imetupa mimba, nilipata homa tarehe fulani ikaisha, sasa kichwa na kusahau vimeanza tarehe fulani. Daftari lako lile la mbugani libebe, tarehe zote zimo humo. Daktari kijana ambaye hajawahi kuona mlipuko anaweza asiufikirie kabisa huu ugonjwa mpaka wewe umtajie mbuzi. Mgonjwa hawaambukizi ndugu kwa kukaa naye, haijawahi kuthibitishwa mtu kumpa mtu kwa njia hiyo, kwaio msimtenge, ila alale kwenye chandarua mbu wasimnyonye, na anayemhudumia avae glavu kwenye damu.

Mimba zikitupwa kwa kundi piga kwa afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo, achukue sampuli zipelekwe maabara ya veterinari, na ya watu piga 199 ya wizara ya afya, ni bure. Ukipiga waambie pia jina la mbuga, maji yamekaa siku ngapi na mbu ulianza kuwaona lini. Mimi huwa nasoma moja kwa moja kutoka daftarini, ukurasa wa viazi.